Uzito wa Ekseli na Mahali pa Kiungo: Kanuni za Kuvuta Tela kwa Pikapu

Kila ufikapo msimu wa mavuno, katika mitaa ya Isevya mjini Tabora na katika njia zitokazo mjini hapo kuelekea Sikonge, Urambo na Nzega, pikapu zilizofungiwa matela huonekana zikipita na shehena za namna nyingi: mahindi, mpunga, karanga, asali, mbao na matofali. Aghalabu mkia wa gari huwa umeinama na pua yake imeinuka. Mwenye gari akiona hivyo humwendea fundi, na fundi huongeza bamba moja au mawili katika springi za nyuma. Mkia huinuka, macho huridhika, na safari huendelea.

Swali la kuuliza ni hili: je, gari limepunguziwa mzigo? Jibu ni la. Uzito uliokuwa ukiilemea ekseli ya nyuma bado upo uleule, na uzito uliopungua katika ekseli ya mbele bado haujarudi. Kilichoondolewa ni dalili tu, nao ugonjwa umebaki. Makala haya yanakusudia kueleza uzito wa shehena na wa tela hugawanyikaje kati ya ekseli za gari, kwa nini mahali kilipofungwa kiungo cha tela pana maana kubwa, na mwenye gari afanye nini ili ajue hali ya gari lake kabla ya kuingia barabarani. Hesabu zitakazotumika hazizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Elimu ya mzegazega

Tabora ni mji uliojengwa na mizigo. Kabla ya reli kuufikia mwaka 1912, bidhaa zote za njia ya kati, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, zilipita mabegani mwa watu. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya zamani, mwaka 1857, waliikuta kazi ya upagazi imekwisha kuwa na kanuni zake, na Wanyamwezi wakisifika kuwa mabingwa wake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Wanyama wa kukokota hawakuweza kushika nafasi ya wapagazi, kwani mbung'o waliwaua njiani. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu mwaka 1877 kupeleka magari ya ng'ombe kutoka pwani kuelekea Ujiji, lakini ng'ombe wao wakafa.

Mizigo isiyogawanyika, kama vile pembe kubwa za ndovu, ilichukuliwa kwa mzegazega: mzigo hufungwa katika mti, na watu wawili huubeba mti huo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mtu aliyepata kubeba namna hiyo, hata kama ni ndoo ya maji tu, anayo tayari elimu yote inayohitajiwa katika makala haya. Anajua kwamba mzigo ukining'inia katikati, wote wawili huona uzito sawa. Anajua pia kwamba ukisogezwa nyuma, wa nyuma hulemewa na wa mbele hupata nafuu.

Na ichukuliwe kwamba umbali kati ya bega la wa mbele na bega la wa nyuma ni mita 3, na mzigo una uzito wa kilo 60. Ukiwa katikati, kila mmoja hubeba kilo 30. Ukisogezwa hadi ubaki mita 1 kutoka kwa wa nyuma, wa nyuma hubeba kilo 40 na wa mbele kilo 20.

Sasa mzigo huo na uning'inizwe nyuma ya mtu wa nyuma, nusu mita kupita bega lake. Mti utainuka upande wa mbele. Mtu wa mbele habebi tena kitu, bali hulazimika kuuvuta mti chini kwa nguvu ya kilo 10 ili usiruke. Na mtu wa nyuma? Yeye hubeba kilo 60 za mzigo, na juu yake kilo 10 za kuvuta kwa mwenzake, jumla kilo 70. Hili ni jambo la kuzingatiwa sana: mzigo wa kilo 60 umemlemea mtu kwa kilo 70. Hakuna uzito mpya uliozaliwa. Kilo 10 hizo zimetoka begani mwa mtu wa mbele.

Kanuni inayotawala jambo hili ni ile ya wenzo, iliyoelezwa kwa hesabu na Archimedes wa Sirakusa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Nguvu ya mzigo katika kugeuza mti haitokani na uzito peke yake, bali ni uzito uliozidishwa kwa umbali wake kutoka katika egemeo. Zao hilo huitwa momenti. Kilo 60 kwa nusu mita ni momenti ya 30. Ili kuituliza, mtu aliye mita 3 upande wa pili anahitaji kilo 10, kwa kuwa 10 mara 3 ni 30.

Pikapu kama mti wa mzegazega

Pikapu ni mti wa mzegazega. Ekseli ya mbele ni mtu wa mbele, ekseli ya nyuma ni mtu wa nyuma, na chesisi ndiyo mti. Tofauti ni kwamba mti huu una uzito wake wenyewe, nao mkubwa, na sehemu yake moja imechomoza nyuma ya mtu wa nyuma. Katika ncha ya sehemu hiyo ndipo kiungo cha tela hufungwa.

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, lakini vipimo vyake haviko mbali na vile vya pikapu nyingi. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3. Gari likiwa tupu lina kilo 1,800: ekseli ya mbele inabeba 1,050 na ya nyuma 750. Mtengenezaji ameweka vikomo vitatu: uzito wa jumla usizidi kilo 2,800, ekseli ya mbele isizidi 1,300, na ya nyuma isizidi 1,650. Kiungo cha tela kipo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma.

Dereva na mwenzake, kilo 150 kwa pamoja, hukaa karibu na katikati. Kila ekseli hupata kilo 75. Hivyo mbele huwa 1,125 na nyuma 825.

Kisha yapakiwe magunia sita ya mahindi, kilo 600, yakisukumwa hadi karibu na kibanda cha dereva, ili kitovu cha uzito wake kiwe sentimita 30 mbele ya ekseli ya nyuma. Momenti ni 600 mara 0.3, yaani 180. Ikigawanywa kwa mita 3, ekseli ya mbele hupata kilo 60. Zilizobaki, kilo 540, huenda nyuma. Sasa mbele ni 1,185 na nyuma 1,365.

Mwisho lifungwe tela ambalo mkono wake unakilemea kiungo kwa kilo 100. Uzito huu upo nje ya ekseli, kama ule mzigo uliokuwa nyuma ya mpagazi. Momenti yake ni 100 mara 1.2, yaani 120. Ikigawanywa kwa 3, ekseli ya mbele hupoteza kilo 40. Ekseli ya nyuma huongezewa kilo 100 za mkono na hizo 40, jumla 140. Matokeo ni mbele 1,145, nyuma 1,505, na jumla 2,650. Vikomo vyote vitatu vimeheshimiwa.

Na yachukuliwe magunia yaleyale sita, gari lilelile na tela lilelile, ila mpakizi, kwa kuharakisha kupakua huko aendako, ameyaweka magunia mlangoni mwa bodi, sentimita 60 nyuma ya ekseli. Ekseli ya mbele hupoteza 600 mara 0.6, kugawanya kwa 3, yaani kilo 120. Ya nyuma hupata kilo 720. Tela likifungwa, mbele hubaki kilo 965 na nyuma hufika 1,685. Jumla ni 2,650 kama mwanzo, chini ya kikomo kwa kilo 150. Lakini ekseli ya nyuma imepita kikomo chake kwa kilo 35, na ya mbele ni nyepesi kuliko ilivyokuwa gari likiwa tupu bila hata dereva.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mwenye gari huhesabu magunia, huona idadi haikuzidi, na huamini kwamba yu salama. Kumbe jumla yaweza kuwa halali na mgawanyo ukawa wa hatari. Kilo 180 zimeondoka katika magurudumu yanayoongoza gari, bila kuongezwa hata punje moja ya mahindi.

Magurudumu ya mbele ndiyo yanayokata kona, nayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Tairi huishika barabara kwa kadiri inavyokandamizwa chini. Ikipunguziwa uzito, usukani huwa mwepesi mkononi, jambo ambalo dereva mgeni huweza kulipenda. Lakini wepesi huo ni dalili kwamba tairi zinaelekea kuteleza. Katika vumbi la kiangazi au katika tope la masika, gari la namna hiyo huendelea moja kwa moja hali usukani umekwisha kukatwa. Isitoshe, usiku taa zake humulika matawi ya miti na macho ya wanaokuja, badala ya kumulika njia.

Mahali pa kiungo

Kutokana na hesabu hizo, maana ya mahali pa kiungo yaonekana wazi. Kadiri kiungo kinavyosogea nyuma ya ekseli, ndivyo uzito uleule wa mkono wa tela unavyozidi kuinua pua ya gari. Kiungo kilichorefushwa kwa kuchomelea kipande cha bomba, kikawa mita 1.6 badala ya 1.2, hufanya kilo 100 za mkono ziondoe mbele kilo 53 badala ya 40. Zaidi ya hayo, tela linapovuta upande, urefu huo huo hugeuka kuwa wenzo wa kuusukuma mkia wa gari kushoto na kulia. Kwa hiyo kiungo kiwe karibu na ekseli kadiri tela linavyoweza kukata kona bila kugusa bodi.

Malori makubwa ya semi-tela yaonekanayo katika barabara kuu yametatua shida hii kwa njia iliyo bora. Kiungo chao hakipo nyuma ya ekseli, bali juu yake au mbele yake kidogo. Mzigo wa tela hauwezi kuinua pua ya lori, kwa sababu haupo nje ya mabega mawili ya mzegazega. Ndiyo sababu lori huweza kubeba tani nyingi za tela mgongoni, hali pikapu husumbuliwa na kilo mia chache mkiani.

Kimo cha kiungo nacho kina athari. Gari linapovuta, tela huvuta kiungo nyuma, na mvuto huo ukiwa juu ya ardhi huhamisha uzito kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa mfano, tela la kilo 1,000 likipandishwa mlima wa mita 1 kwa kila mita 10, katika mchanga laini, mvuto waweza kufika kilo 200. Kiungo kikiwa na kimo cha nusu mita, uzito unaohama ni 200 mara 0.5, kugawanya kwa 3, karibu kilo 33. Mnyororo ukifungwa juu ya bodi, kimo cha sentimita 90, uzito unaohama ni kilo 60. Kwa sababu hiyohiyo trekta huwekewa kiungo chini ya ekseli yake ya nyuma. Wanaofunga gogo mahali pa juu huweza kuona pua ya trekta ikiinuka na trekta kumwangukia dereva wake.

Mwisho, kiungo kisifungwe katika bampa wala katika bati la bodi. Kifungwe katika boriti za chesisi kwa bolti, kwani nguvu zinazokipata wakati gari likiruka mashimo ni kubwa kuliko uzito wa mkono ukiwa umetulia. Pawepo pia minyororo miwili ya akiba kati ya gari na tela, iliyopishanishwa chini ya mkono, ili pini ikikatika mkono usichome ardhi.

Mzigo ndani ya tela

Baada ya kusoma hayo, msomaji aweza kusema kwamba dawa ni kupakia tela kwa nyuma, ili mkono wake uwe mwepesi au usiwe na uzito kabisa. Hilo ni kosa, na kosa lenyewe ni la hatari kuliko lile la kwanza.

Wakulima wanaotumia mkokoteni wa ng'ombe wanaifahamu habari hii. Mkokoteni wa ekseli moja ukipakiwa mbele mno, nira huwalemea ng'ombe shingoni. Ukipakiwa nyuma mno, mti wa kukokotea huinuka na nira huwakaba koo. Mkulima hodari hupakia hivi kwamba nira ilale shingoni kwa uzito kidogo, isiwe mzigo wala isielee.

Tela ni mkokoteni huo. Na ichukuliwe kwamba tela tupu lina kilo 250 na shehena kilo 750, jumla kilo 1,000. Kutoka kiungo hadi ekseli ya tela ni mita 2.5. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 25 mbele ya ekseli yake, mkono hukilemea kiungo kwa 1,000 mara 0.25, kugawanya kwa 2.5, yaani kilo 100: asilimia 10 ya uzito wa tela. Shehena ikisogezwa nyuma kwa sentimita 47 tu, kitovu cha uzito wa tela zima hurudi sentimita 10 nyuma ya ekseli, na mkono, badala ya kulemea, huinua kiungo kwa kilo 40. Hapo ekseli ya nyuma ya pikapu hupunguziwa kilo 56, na magurudumu yanayosukuma gari huanza kupoteza mshiko wake.

Lakini madhara makubwa zaidi hayamo katika kilo hizo. Tela linalovutwa ni kama kitu kinachoning'inia kwa kamba: likisukumwa upande na upepo, shimo au lori linalopita, hurudi katikati, hupita upande wa pili, kisha hurudi tena. Likiwa limepakiwa vizuri, kila myumbo huwa mdogo kuliko uliotangulia, na baada ya muda mfupi hutulia. Kasi inapoongezeka, utulivu huo hupungua, hata kufikia kasi ambayo kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Tela lenye uzito mwingi nyuma huifikia kasi hiyo mapema sana. Wakati huo mkia huliongoza gari, na dereva huwa abiria tu.

Ndiyo maana desturi ya Marekani hutaka mkono uwe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Katika nchi za Ulaya mikono huwa myepesi zaidi, na matela hutazamiwa kwenda polepole zaidi. Kwa njia zetu zenye mashimo, kiasi cha asilimia 10 ni mwanzo mzuri, mradi kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari kisivukwe. Vitu vizito viwekwe chini na juu ya ekseli ya tela, zaidi kidogo mbele kuliko nyuma, na vifungwe barabara. Gunia litelezalo kilimani hubadilisha hesabu yote.

Tela likianza kuyumba, dereva aondoe mguu katika mafuta, aushike usukani sawasawa bila kuupiga kushoto na kulia, na aache kasi ipungue yenyewe. Asikanyage breki ghafula, kwa maana tela lisilo na breki zake litaendelea kusukuma, nalo gari na tela vitakunjana mithili ya goti. Wala asiongeze kasi kwa kudhani kwamba atalinyoosha tela; hiyo kasi ndiyo iliyoleta balaa.

Springi, tairi na breki

Yafaa sasa kurejea kwa fundi wa springi. Kuongeza bamba hufanya springi iwe ngumu, hivyo hubonyea kidogo kwa mzigo uleule. Mkia ukiinuka, gari hukaa sawa na taa hushuka; hiyo ni faida ndogo ya kweli. Lakini ekseli, beringi, gurudumu na tairi hubeba uzito uleule, na kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji hakibadiliki. Madhara yake ni kwamba dereva hupoteza alama iliyokuwa ikimwonya.

Tairi nazo zina kikomo, nacho kimeandikwa ubavuni mwake kwa namba ya siri inayojulikana duniani kote. Tairi yenye namba 100 hubeba kilo 800. Yenye namba 108 hubeba kilo 1,000. Katika mfano wa magunia ya mlangoni, ekseli ya nyuma ilikuwa na kilo 1,685, zaidi ya 842 kwa kila tairi. Tairi za namba 100 zingekuwa zimezidiwa. Tena vikomo hivyo ni vya tairi iliyojazwa upepo unaotakiwa. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja kwa kila mzunguko, hupata joto, na hupasuka mchana wa jua kali, wakati gari likiwa katika mwendo.

Kuhusu breki, ifahamike kwamba nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari lililo katika kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo karibu mara 1.8 ya lile lililo katika kilomita 60. Pikapu na tela la mfano wetu zina kilo 3,550 kwa pamoja, nazo husimamishwa na breki zilizokusudiwa kilo 2,800 tu, endapo tela halina breki zake.

Kupima kwa vifaa vilivyopo

Mwenye gari hahitaji maabara. Njia tatu zinatosha.

Njia ya kwanza ni futi ya kupimia. Gari likiwa tupu mahali pa sawa, ipimwe kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele, kisha kiandikwe. Baada ya kupakia na kufunga tela, kipimwe tena. Ukingo wa mbele usiwe juu kuliko ulivyokuwa gari likiwa tupu. Ukiinuka, ekseli ya mbele imepoteza uzito, na shehena isogezwe mbele. Kipimo hiki hakidanganywi na bamba zilizoongezwa nyuma, kwa kuwa kinaangalia springi za mbele.

Njia ya pili ni ya kuupima mkono wa tela kwa mizani ndogo ya kupimia watu. Magurudumu ya tela lililopakiwa yazuiwe kwa mawe, mahali pa sawa. Uchukuliwe ubao mgumu na vipande viwili vya bomba vya kuuegemeza, umbali wa sentimita 90. Bomba moja liwekwe juu ya mizani, la pili juu ya tofali la kimo sawa na mizani. Uzito wa ubao peke yake usomwe kwanza. Kisha mkono wa tela uegemezwe kwa kigingi katika ubao, sentimita 30 kutoka upande wa tofali, ukiwa katika kimo chake cha kawaida cha kuvutwa. Baada ya kutoa uzito wa ubao, mizani itaonyesha theluthi moja ya uzito wa mkono. Ikionyesha 33, mkono una karibu kilo 100. Huo nao ni mzegazega, uliowekwa kupima mzegazega.

Njia ya tatu ni mizani ya magari, panapopatikana. Magurudumu ya mbele peke yake yapandishwe kwanza, uzito uandikwe. Kisha gari zima lipandishwe, tela likiwa limefungwa lakini magurudumu yake yakiwa nje ya mizani. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo ekseli ya nyuma. Hapo mwenye gari hulinganisha na vikomo vilivyoandikwa katika kibao cha mtengenezaji au katika kitabu cha gari.

Ekseli na barabara

Ekseli haihusu usalama wa msafiri mmoja tu. Majaribio makubwa yaliyofanywa karibu na Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikiongezewa mara mbili ya uzito wake, uharibifu huwa mara 16. Ikizidishwa kwa asilimia 20 tu, uharibifu huongezeka maradufu. Ekseli ya lori yenye tani 10 huichosha barabara karibu mara 2,000 kuliko ekseli ya pikapu yenye tani moja na nusu.

Hii ndiyo sababu Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Tanzania mwaka 2019, haikuishia katika uzito wa jumla, ambao kikomo chake ni tani 56, bali imeweka kikomo kwa kila kundi la ekseli. Serikali huwauliza wenye malori swali lilelile ambalo mwenye pikapu anapaswa kujiuliza mwenyewe: si mzigo una kilo ngapi tu, bali kilo hizo zimekaa juu ya gurudumu lipi.

Mizani za barabara kuu zimewekwa hasa kwa ajili ya malori na mabasi. Pikapu yenye tela, iendayo mnadani au shambani kwa njia ya vumbi, haina wa kuipima ila mwenyewe. Kabla ya kuondoka basi, gunia la mlangoni lisogezwe mbele, mkono wa tela upimwe, upepo wa tairi utazamwe, na minyororo ifungwe. Kazi hiyo haichukui nusu saa, nayo huhitaji ubao, mizani ndogo na futi ya kupimia. Anayekaa nyuma ya usukani, pamoja na mtembea kwa miguu anayepishana naye njiani, wote wawili wanaitegemea.